Koti la Nyani la Mifuko Kumi

Paukwa!
— Pakawa!
Nani ana sindano?
— Tunayo!
Nani ana uzi?
— Tunao!
Nani ana usingizi?
— Hakuna!
Basi aliyenyoosha miguu aikunje, wenzake wapate pa kukaa, nianze kushona.

Hapo zamani, karibu na kichuguu kimoja kikubwa, waliishi wanyama wadogo waliokuwa mafundi wa mikono. Hawakuwa matajiri, hawakuwa na nguvu, ila kila mmoja alijua kutengeneza kitu kimoja.

Mzee Nungunungu alitengeneza sindano. Miba yake ikidondoka aliiokota, akaichonga, akaitoboa tundu. Buibui alitengeneza uzi, akauviringa kwenye vijiti. Mnana, yule ndege mfumaji, alisuka mikoba ya nyasi. Bibi Kobe alitengeneza kitambaa. Alitandaza gome la mti juu ya jiwe, akalilowesha, kisha akapita juu yake kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka likalainika. Kipande kimoja kilimchukua wiki mbili, na hakuna aliyemharakisha, maana ingesaidia nini?

Na wa mwisho alikuwa Sange. Sange ni kanyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu isiyotulia. Yeye hakuwa na kitambaa wala uzi wala sindano. Alijua kushona. Alishona kofia, alishona mbeleko, alitia viraka ambavyo hata ukivitafuta huvioni.

Kila mwezi mpya ulipoandama, asubuhi yake walikutana pale kichuguuni. Siku hiyo waliiita Siku ya Vifurushi. Kila mmoja alileta alichotengeneza, kimefungwa kwa jani la mgomba. Vifurushi viliwekwa katikati, na kila mmoja akachukua kisicho chake. Sharti lilikuwa moja tu: ukishafungua, unamwambia aliyekitengeneza kitakufanyia kazi gani.

“Asante, Mzee Nungu. Sindano hii itaziba tundu la paa langu.”

“Asante, shoga Mnana. Mkoba huu utabeba magome yangu, mgongo upumzike.”

Hakuna aliyeuliza mbona changu kidogo na chako kikubwa. Leo umepata uzi, mwezi ujao utapata kitambaa. Mambo yalikwenda.

Mwaka huo Sange alikuwa na shida. Alikuwa na watoto wanne, na kipupwe kilikuwa kinakaribia. Kipupwe kilichopita, kitindamimba wake alikohoa siku tisa, hata kunyonya akashindwa. Alipona, lakini Sange alijua asingepona mara ya pili. Alihitaji blanketi. Akawaambia wenzake, nao wakamwambia, “Ngoja Siku ya Vifurushi.” Kobe akaongeza mwendo juu ya gome. Buibui akafanya kazi bila kupumzika. Nungunungu akachagua miba yake mizuri. Wote walikuwa wanamtengenezea Sange.

Siku ya Vifurushi ikafika. Na Nyani naye akafika.

Pu! Pu! Pu!

“Hamjambo, vijukuu?”

“Hatujambo, Mzee Nyani. Shikamoo.”

“Marahaba. Nasikia hapa mnagawiwa zawadi.”

“Hatugawiwi, Mzee,” alisema Kobe. “Tunabadilishana.”

“Ni yale yale. Na mimi nimeleta changu.”

Akatua furushi kubwa kama ndoo. Wakalifungua. Ndani mlikuwa na majani makavu, na katikati ya majani, ganda moja la ndizi.

“Mnaona furushi langu lilivyo kubwa?” akasema Nyani. “Ni kubwa kuliko yenu yote mkiyaweka pamoja. Basi na mimi nachukua yenu yote. Haki bin haki.”

Akachukua sindano. Akachukua uzi. Akachukua mikoba. Akachukua vitambaa vyote vya Kobe. Akachukua kofia na mbeleko za Sange. Hata ganda lake akalichukua tena.

Mnana akajikaza. “Mzee, kuna sharti. Lazima useme vitakufanyia kazi gani.”

“Kazi?” Nyani akacheka, meno yote nje. “Vitakuwa vyangu. Hiyo ndiyo kazi yake.”

Akavipeleka juu ya jiwe lililokuwa hapo jirani, akavipanga lundo, akakalia.

Wale wengine wakajikusanya nyuma ya kichuguu.

“Tuivunje tu hii siku,” alisema Mnana. “Kila mtu akae na kilicho chake.”

“Nitamchoma,” alisema Nungunungu.

“Utamchoma mara moja, naye atakukanyaga mara moja,” alisema Kobe. “Nani atatutengenezea sindano?”

Sange hakuwa nao katika maneno hayo. Alikuwa anamwangalia Nyani.

Siku ya kwanza, Nyani alikaa juu ya lundo. Siku ya pili, Nyani alikaa juu ya lundo. Siku ya tatu, Nyani alikaa juu ya lundo, na tumbo lake likaanza kulia: ng'ruu! ng'ruu! Ng'ambo ya kijito kulikuwa na mkuyu umeiva mpaka matunda yanadondoka yenyewe. Nyani aliutazama mkuyu, akameza mate. Akatazama lundo. Hakuweza kulibeba lote, na hakutaka kuliacha. Akabaki hapo hapo.

Siku ya nne, Sange akaenda.

“Hodi, Mzee.”

“Nani?”

“Mimi Sange. Nimekuja kukupa pole.”

“Pole ya nini?”

“Ya njaa.”

“Nani kakwambia nina njaa?”

Ng'ruuu! likajibu tumbo.

“Si neno,” alisema Sange. “Wakubwa mna mengi ya kulinda. Ila ningekuwa mimi, ningevaa koti lenye mifuko. Ninatia kila kitu humo, ninakwenda zangu kula makuyu, mali yangu iko nami.”

Nyani akainua shingo. “Mifuko mingapi?”

“Mitatu inatosha.”

“Mitatu? Mimi? Tia kumi!”

“Kumi itamaliza kitambaa chote, Mzee.”

“Kimalize!”

“Na uzi wote.”

“Umalize! Si uzi wangu? Lakini unashonea hapa hapa, mbele ya macho yangu. Nakujua, kapua wewe.”

“Hapa hapa, Mzee.”

Sange akaketi, akashona. Chomo, vuta. Chomo, vuta. Wenzake wakaja kutazama, na walipoona mshono wake, wakatazamana.

Kila anayeshona anajua bandi. Bandi ni mshono wa muda: hatua ndefu, mwisho hauna fundo. Unapiga bandi ili mwenye nguo aijaribu. Ikimkaa, ndipo unashona mshono wenyewe, kisha unavuta ile bandi, srrr, inatoka yote kama haikuwapo. Mtoto wa fundi anajua hilo kabla ya kujua kuoga. Lakini Nyani hakuwahi kushona hata kifungo.

Sange akaunga uzi wote wa Buibui ukawa mmoja, mwembamba, unaoteleza. Akapiga bandi mikono. Akapiga bandi mgongo. Akapiga bandi mifuko yote kumi. Ncha iliyobaki akaifunga kwenye kisiki kilichokuwa nyuma ya jiwe.

“Jaribu, Mzee.”

Nyani akavaa. Akajigeuza huku, akajigeuza huku.

“Linanikaa?”

“Linakukaa mpaka naogopa. Sasa vua, nimalize. Hii bado ni bandi.”

Nyani akakunja uso. “Nivue?”

“Uvue, Mzee. Halijaisha.”

“Nivue, ukimbie nalo? Mnamsikia? Amenishonea koti, sasa anataka kunivua!”

“Mzee, nakwambia mbele ya watu. Koti hili halifiki mbali. Vua.”

“Hivi hako kapua kako kanadhani mimi mjinga?”

“Basi,” alisema Sange, “mimi nimesema.”

“Umesema. Toka njiani.”

Nyani akajaza mifuko. Akatia sindano, akatia mikoba, akatia kofia, akatia mbeleko, kila mfuko ukavimba. Katika mfuko wa kumi akatia lile ganda la ndizi, maana hakutaka kuacha kitu. Kisha akashuka jiwe, akaelekea mkuyuni, kifua mbele.

Pu! Pu! Pu! Srrr... Po!

Mfuko wa sindano ukaanguka njiani. Nungunungu alikuwa nyuma, akauokota.

“Asante, Mzee,” akasema.

Nyani hakugeuka. “Asante ya nini?”

“Tunashukuru tu, Mzee, kwa kupita.”

“Karibuni.”

Pu! Pu! Pu! Srrr... Po!

Mfuko wa mikoba ukaanguka. Mnana akaudaka kabla haujagusa vumbi.

“Asante, Mzee.”

“Karibuni, karibuni. Kumbe mna adabu!”

Pu! Pu! Pu! Srrr... Po! Po! Po! Ikaanguka mifuko ya kofia na mbeleko. Ukaanguka mkono wa kushoto. Ukaanguka mkono wa kulia. Ukaanguka mgongo mzima, pwaa, na Bibi Kobe akasimama juu yake ili upepo usiuchukue. Buibui akaja nyuma ya wote, anaviringa uzi wake kwenye kijiti, wala haukukatika.

Kila kilichoanguka kikapelekwa kwenye shimo la Nungunungu, pale pale kichuguuni. Kila aliyeokota akasema, “Asante, Mzee.” Na Nyani akaitikia njia nzima, “Karibuni.”

Mkuyuni walikuwapo nyani wenzake, wanakula.

“Bwana we,” mmoja akauliza, “hicho shingoni ni nini?”

“Koti!” akasema Nyani. “Mifuko kumi! Njooni mshike!”

Akajipiga kwenye mfuko wa kulia. Pwa! Likalia paja lake. Akajipiga kwenye mfuko wa kushoto. Pwa! Likalia paja jingine. Akajitazama. Palikuwa na kola peke yake.

Wenzake walicheka mpaka wawili wakaanguka mtini.

Nyani akarudi mbio kichuguuni, pupupupu!

“Sange! Umeniibia!”

“Nilikwambia uvue,” alisema Sange.

“Alikwambia,” walisema wote.

“Nilikwambia halijaisha.”

“Alikwambia.”

“Nilikwambia ni bandi.”

“Alikwambia, Mzee, tulikuwapo.”

Nyani akatweta. “Kwa nini hukuniambia bandi ni nini?”

“Na wewe kwa nini hukuuliza?”

Nyani akaona ncha ya uzi inaning'inia kwenye mdomo wa shimo la Nungunungu. Akarukia pale, akatumbukiza mkono wote mpaka begani. Humo ndani Nungunungu alikuwa ametangulia, naye alikuwa amegeuza mgongo.

“Mama yangu weee!”

Akatoa mkono, umejaa miba. Akaichomoa mmoja mmoja, akairusha chini kwa hasira: “Ondoka! Ondoka! Ondoka!” Mnana akawa anaiokota. Ilikuwa miba kumi na moja, mizuri, minene. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Nyani kuleta kitu cha maana pale kichuguuni. Alipomaliza akaenda zake huku analamba mkono, wala hakurudi pale tena.

Upepo wa baridi ulikuwa umeshaanza kupiga. Hawakungoja mwezi mwingine. Walitandaza vipande vya koti palepale, Kobe akakaa pembe moja visipeperuke, Buibui akawa anatoa uzi, Nungunungu akawa anatunga sindano, Mnana akapitisha mdomo wake kwenye pindo nene ambazo sindano haikuweza. Sange akashona. Chomo, vuta, fundo. Chomo, vuta, fundo. Hatua ndogo ndogo, mshono wa kweli.

Mifuko minne hakuifumua. Aliishona juu ya blanketi ikiwa mifuko hivyo hivyo, mmoja kwa kila mtoto. Watoto wakaingia kila mmoja kwenye mfuko wake, na hakuna aliyelia kwamba mwenzake kavuta blanketi. Kipupwe kikaja, kikapiga, kikapita. Kitindamimba hakukohoa hata mara moja.

Sange aliwashukuru wenzake kama desturi ilivyotaka, mmoja baada ya mwingine. Alimshukuru Kobe kwa kila hatua aliyopiga juu ya gome. Alimshukuru Buibui, akamwambia uzi wake ndio unaomtenga mtoto na baridi. Alimshukuru Nungunungu, alimshukuru Mnana. Kisha akageukia upande wa mkuyu.

“Na wewe, Mzee Nyani, asante. Blanketi la mifuko nisingeliwaza mwenyewe.”

Wenzake wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

Hapo ndipo nilipokata uzi, na ncha nimeifunga fundo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aifumue ashone yake.

Fundisho la hadithi hii ni kwamba kazi ya nusunusu ndiyo inayookoa. Shona ovyo, usifunge fundo, mwache mwenye nguo aende nayo hivyo hivyo. Lakini yule mwenye sare ya shule iliyoachia pindo asije kunisomea fundisho hilo. Aje na sindano, akae hapa karibu yangu.