Fisi Aliyeitikia Kila Jina

Wasikilizaji, mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yategeni.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Wanyama walihama kutafuta maji, na vumbi lilikuwa zito hata jirani hamwoni jirani. Mkuu hawakuwa naye. Habari ilipita mdomo kwa mdomo, ikitajwa jina la mwenyewe: "Mfikishieni fulani, maji yako kulia!" Asiye na jina hakufikishiwa kitu.

Mgeni alijichagulia jina mwenyewe. Alilitangaza mara tatu; asipojitokeza mwenye nalo, lilikuwa lake.

Akaja Pimbi, mwanawe mgongoni. Akaita, "Huyu ni Tone! Kuna mwenye jina hilo?"

Vumbini Fisi akajibu, "Hilo langu!"

"Basi ni Umande!"

"Hilo langu!"

"Basi ni Manyunyu!"

"Langu! Langu!"

Kila jina Fisi alilidaka, na kila habari ya maji ikaenda kwake. Akanywa, gugu gugu gugu, kisha akajigaragaza kwenye yaliyobaki.

"Mama, kiu," mtoto akasema.

"Vumilia, mwanangu. Kesho tutapata jina."

Siku ya tatu, mchana, Pimbi aliona mgongo umenyamaza mno. Akamshusha mtoto. Hakuamka. Akamfukia kwa vikucha vyake, huku msafara ukimpita, tu, tu, tu.

Nyuma ya msafara Simba jike naye alikuwa akilia: mwanawe ameliwa, na aliyemla hajulikani. Pimbi akasikia. Akafuta machozi, akapaza sauti:

"Naomba jina! Mla-Mtoto-wa-Simba! Kuna mwenye nalo?"

"Hilo langu!" Fisi akadakia, hata hakusikiliza.

"Sijasikia vizuri."

"Langu! Langu mimi Fisi, tangu zamani!"

Mdomo kwa mdomo, neno likasafiri mpaka kwa Simba. Ngrrr! Fisi akatimua mbio, Simba nyuma yake. Simba alirudi ameshiba.

Majina yote yakawa huru. Wanyama wakamzunguka Pimbi. "Dada, umetuokoa. Chagua jina, lililo zuri kupita yote."

Pimbi akaligeukia kaburi la mwanawe.

"Nilikuwa na mmoja tu wa kuniita," akasema, "naye aliniita Mama."

Msafara ukaondoka. Yeye akabaki pale.

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake. Funzo? Dakeni kila jina mnalolisikia, wanangu. Fisi alikufa, ndiyo, lakini hakufa kwa kiu.