Penseli Iliyogonga Mara Saba

Sogeeni, ila kila mtu na macho yake, maana katika hadithi hii hata anayeaminiwa anatiliwa shaka.

Palikuwa na watatu kwenye kituo kidogo cha runinga pale Tanga. Nuhu Semboja alikuwa sauti: miaka ishirini na miwili akitangaza mpira, akimjua mchezaji kwa mwendo kabla ya jezi. Hilda Mhando alikuwa jicho, nyuma ya kamera. Sechonge alikuwa kumbukumbu. Alikaa ubavuni mwa Nuhu na daftari lake na penseli.

Nuhu alikuwa na siri. Macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Lakini msimu ule Sechonge akaanza kugonga meza kwa penseli, kimya kimya, namba ya mwenye mpira. Hilda naye akaanza kuvuta picha karibu mpaka namba ijae kwenye kioo. Mngedhani atashukuru? Wapi! "Wameshajua," akawaza. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Wiki ya fainali, bosi wao Mama Kiluwa akatangaza kwamba makao makuu yanamchukua mtu mmoja tu. Wengine, msimu ukiisha, kwaheri. Toka siku ile Nuhu hakunywa hata chai asiyoimimina mwenyewe.

Fainali ikafika. Dakika ya themanini Kombo, namba saba, akapasuka nyusi, jezi ikaloa damu. Kamera zote zikafuata mpira. Ya Hilda peke yake ikabaki na Kombo pembeni, akavalishwa jezi ya akiba, kumi na mbili. Hilda akamnong'oneza Sechonge kwenye vifaa vya masikioni, na Sechonge akafunika mdomo akimjibu. Hilo Nuhu aliliona vizuri, lilikuwa karibu naye.

Dakika ya themanini na nane, bao! Kwenye kioo, kumi na mbili, kubwa kama mlango. Kwenye orodha, kumi na mbili ni Zahoro, mchezaji wa akiba. Penseli ikagonga mara saba.

"Ananitega huyu!" Nuhu akawaza, jasho likimtoka. Lakini mfungaji alikimbia ameangusha bega la kushoto, na bega lile Nuhu alilijua tangu ligi za mchangani. Akapasua koo: "Komboooo!"

Vituo vingine vyote vilisema Zahoro, kesho yake vikaomba radhi. Mama Kiluwa akawaita watatu wale ofisini.

"Mie nimeshindwa kuchagua," akasema. "Nuhu, wewe ndiye mkubwa wa meza ya michezo. Majina matatu haya hapa. Weka tiki kwa mmoja, mbele ya wenzako."

Nuhu akaishika karatasi. Maskini, aliona sisimizi watupu. Akisema asomewe, siri imetoka na kazi imekwenda. Hilda akatazama chini. Penseli ya Sechonge ikagonga meza mara mbili.

Mbili! Jina la pili ni la nani? La Nuhu? La Hilda? Au la Sechonge mwenyewe?

Mimi namwacha hapo, kalamu iko hewani. Semeni nyie: sauti, jicho na kumbukumbu, kiti ni cha nani? Na wewe unayecheka hapo, ungekuwa Nuhu, tiki ungeiweka palipogongwa?