Mjomba wa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, na wewe uliye mlangoni acha kunong'ona, hadithi yangu haingojei mtu, ukame uliingia nchini, mito ikakauka. Wanyama wakaamua kuchimba kisima. Wachimbaji ni Tembo na Kifaru. Msimamizi ni Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili.

Desturi ilikuwa hii: wachimbaji wakikwama wanapuliza baragumu, na likilia, msimamizi anakwenda, hata kama ana tonge mdomoni.

Basi yale majitu yakalifanya baragumu mchezo. Puuu! Bi Nguchiro mbio, anahema.

"Kuna nini?"

"Nimekuta jiwe," anasema Tembo.

"Si uliondoe!"

"Ahaa! Ahsante, bibie."

Hajafika nyumbani, puuu! Kifaru naye anauliza udongo umwagwe kulia au kushoto. Jitu zima, jamani!

Siku moja, jua la utosini, Bi Nguchiro alirudi kwake akakuta mburuzo mpana mbele ya shimo. Moyo ukamlipuka. Swila! Nyoka mla watoto! Na ndani mna wanawe watatu, hata macho hawajafumbua. Akawahesabu. Wote wapo. Lakini Swila hutembea adhuhuri, na nyumba ameshaijua.

Akarudi kisimani. "Jamani, kuanzia kesho, adhuhuri niko kwangu na wanangu."

"Haiwezekani!" Tembo akafoka. "Usipokuja tunaacha kuchimba, tufe kiu sote!"

Bi Nguchiro akaona ugomvi hautamfaa. Akaonyesha kichuguu kilichokuwa kando.

"Basi mjomba wangu anaishi humu. Mna shida? Mwelezeni mara tatu, polepole, bila kuruka kitu. Ya nne atajibu. Ila msimharakishe, ana hasira huyo!"

"Loo!" Kifaru akarudi nyuma hatua mbili.

Kesho yake adhuhuri, Bi Nguchiro amejibanza kando ya mlango wake. Majani yakafanya chwaa, chwaa. Kichwa cha Swila kikachomoza.

Puuu! Baragumu likalia.

Miguu ya Bi Nguchiro ikataka kukimbia, ndivyo ilivyozoea. Akajizuia, anauma meno. Swila naye alikuwa na mazoea yake: baragumu likilia, mama hayupo. Akajiingilia bila kutazama pembeni.

Hapo hapo akarukiwa shingoni, ngwa! Wakagaragazana, vumbi tupu, mpaka Swila akalegea.

Kisimani nako, Tembo amepuliza baragumu kwa mazoea, Bi Nguchiro haji, basi ameinamia kichuguu. "Mjomba, kuta zinaporomoka." Kimya. "Mjomba, kuta zinaporomoka upande wa mchanga." Kimya. "Mjomba, zinaporomoka upande wa mchanga, kwa sababu hatujaweka mago... Kifaru! Lete magogo!"

Jioni Bi Nguchiro, damu ikimtoka sikioni, alikuta maji yanabubujika. Tembo alikuwa juu ya kichuguu kilichobomoka. Alitaka kumkumbatia mjomba kwa shukrani.

"Humu mna mchwa tu! Umetudanganya!"

"Nimewadanganya. Haya, na hayo maji nani kayatoa?"

Tembo akamtazama Kifaru. Kifaru akatazama chini.

"Sisi," wakasema kwa sauti ndogo.

"Basi kesho adhuhuri niko kwangu," akasema Bi Nguchiro, na safari hii hakuna aliyembishia.

Yangu yameishia hapo, aliyesinzia asiniulize. Anayeitikia kila wito wa wenzake, wanangu, iko siku hatausikia wito wa nyumbani kwake.