Ufunguo wa Kocha Mwantumu

Vuteni mikeka, na mwenye kitambi akilaze taratibu, hadithi yangu ina mazoezi. Nikisema "Pumzi", mseme "Ndani". Pumzi? Haya, achieni sasa, msije mkanifia kabla sijaanza.

Hapo Tanga walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake cha kutomwamini mwenzake. Bi Hidaya, fundi cherehani, alishuku kwa jicho. Bwana Shekalaghe, mstaafu wa reli, alishuku kwa miguu: akikutilia shaka, anakufuata. Veneranda, muuza mitumba, alishuku kwa mkono: akishika kitu harudishi, kwa hofu kwamba atakayerudishiwa ndiye mwizi.

Wote walifanya mazoezi kwenye jimu ya Kocha Mwantumu, Ngamiani. Mwenye jumba akataka kuligeuza ukumbi wa harusi. Kocha akawaambia, "Nafunga jumba, jamani, sifungi kazi. Tutaonana kwenye simu, kila mtu sebuleni kwake." Akang'oa hata kitasa cha mlango, akaenda kukifunga kwenye nyumba aliyohamia. Wapi? Hakusema. "Nikiwaambia mtakuja kunywa chai badala ya kuchuchumaa."

Hapo shaka zikanona.

Bi Hidaya akawaza: huyu anatuwekea video ya jana, mwenyewe kalala. Basi kila somo akakodolea pazia lililo nyuma ya Kocha, aone kama linapepea vilevile.

Bwana Shekalaghe akawaza: Hidaya kiuno kimepungua, lazima anafundishwa kwa siri. Akamvizia Kocha sokoni, akamfuata kwa baiskeli hadi Makorora, akaujua mlango. Hidaya hakumkuta. Shaka haikuisha.

Veneranda yeye aliwahi mapema. Siku ya kufunga jimu, funguo za mlango walizopewa wanachama zilipokusanywa, alisema wake umepotea. Ulikuwa kwenye pindo la kanga. Jimu ikifunguliwa kwa kujificha, aliwaza, sitaachwa nje.

Asubuhi moja, baada ya kuwatoa jasho, Kocha akasema, "Laleni chali, fumbeni macho, pumueni." Naye akalala. Watu wakapumzika. Wakapumzika tena. Bwana Shekalaghe akaanza kukoroma. Hakuna aliyelalamika, ndilo zoezi pekee walilolimudu.

"Mtandao umeganda," Veneranda akanong'ona. "Tusiuguse."

Bi Hidaya, ambaye alikuwa amefumba jicho moja tu, akasema, "Pazia linapepea. Kocha ndiye hapepei."

Wakamwita. Hakufumbua macho.

"Masikini, hata anakokaa hatukujui," akasema Veneranda.

"Makorora, nyuma ya mashine ya kusaga," akasema Bwana Shekalaghe, usingizi umemruka.

"Wewe umepajuaje?"

"Twendeni, Bi Hidaya. Tutagombana huko huko."

Walipofika, mlango umefungwa, madirisha yana nondo. Bwana Shekalaghe akaupiga mlango kwa bega. Bega likaumia, mlango ukabaki. Veneranda akakitazama kitasa: ni kile kile cha jimu. Akafungua pindo la kanga.

"Si ulisema umepotea?" akauliza Bi Hidaya.

"Umeonekana."

Kumbe Kocha alikuwa amejichoma sindano yake ya kisukari, akasahau kula, sukari ikashuka. Wakamkimbiza hospitali, sukari ikarudi. Muuguzi akawaambia, "Mngechelewa kidogo, mngekuja kuulizia mwili."

Alipopata nguvu na kusimuliwa yote, Kocha akauomba ule ufunguo, akaukalia kitako.

"Naishi peke yangu, na haya yanaweza kunirudia. Mtu mmoja ataushika ufunguo huu. Huyo nitamfundisha kwangu, ana kwa ana, kila asubuhi, bure. Wengine mtabaki kwenye simu."

"Bila jicho langu mngekuwa chali mpaka leo," akasema Bi Hidaya.

"Jicho lako lingemtazama akikata roho," akajibu Bwana Shekalaghe. "Nani alijua njia?"

"Njia ya kwenda kulilia dirishani," akasema Veneranda. "Nani alifungua?"

Kocha akawatazama mmoja mmoja. "Huyu aliniona tapeli. Huyu alinivizia. Huyu alinidanganya mchana kweupe. Na angekosekana mmoja wenu tu, leo mngekuwa mnanisomea hitima."

Ufunguo angali ameukalia, na kila akilala mlango anaufunga.

Haya, ninyi mnaotazamana kwa pembe za macho: ungekuwa Kocha, ungempa nani? Na huyo uliyekaa naye bega kwa bega hapo, wa kwako ungempa?