Babu wa Bwana Madenge

“Sasa nitathibitishaje kuwa ni babu yangu, na daftari lenye jina lake umelikalia wewe?”

Bwana Madenge, mkuu wa masjala, alichokonoa meno, kana kwamba makabati ya serikali aliyarithi kwa mama yake. Sikuzani alikuwa akimtafuta Kidunda, baba wa bibi yake Mwanamvua, aliyetoweka zamani. Bila ushahidi wa ukoo, jirani angekichukua kiwanja cha familia.

“Lete uthibitisho kwanza, ndipo nifungue daftari,” alisema Madenge. “Nyie watu wa shamba mmezidi kujiokotea mababu.”

Kesho yake Sikuzani alirudi na shangazi zake, kanga viunoni, wakapiga vigelegele mbele ya foleni nzima.

“Hongera, kaka!” alisema Sikuzani. “Tulikosea. Kidunda ni babu yako wewe. Hajasomewa hitima mpaka leo, na ukoo mzima unakuja kwako Ijumaa. Ng’ombe umeshanunua?”

“Mimi? Na mshamba huyo?”

“Usimkane marehemu, mwanangu,” shangazi mmoja alilia. “Hata hiyo pua ni yake.”

Foleni ikaangua kicheko. Madenge akakimbilia stoo, akarudi na vumbi kichwani, akalibwaga daftari dirishani na kusoma kwa sauti ili kila mtu asikie.

“Kidunda! Ameacha mtoto mmoja tu, Mwanamvua! Ukoo wangu unaingiaje hapo?”

“Hauingii, bwana mkubwa,” alisema Sikuzani. “Mwanamvua ni bibi yangu. Naomba nakala, na uigonge muhuri.”