Abee ya Mwisho ya Zamda

Sogeeni karibu, na anayetafuna karanga amalize kabisa, maana nikianza sirudii. Hii si habari ya sungura wala ya sultani. Ni ya banda letu la video, pale nyuma ya soko la Mferejini, na mimi mwenyewe nilikuwa benchi la tatu. Mpaka leo sijaielewa. Labda nyinyi wenye akili zenu mtanisaidia.

Kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Machibya alikuwa mtafsiri wa filamu. Anakaa pembeni na kipaza sauti, Wazungu au Wachina wanasema yao, yeye anatuwekea Kiswahili. Lugha zao hajui hata neno moja, lakini nani aliuliza? Sauti zote alizitoa yeye: ya bibi harusi, ya jambazi, ya jini. Na wahusika aliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu, tukicheka mpaka mbavu zinauma.

Hamduni alikuwa fundi wa mitambo, na filamu zote alizileta yeye. Deki ya banda, ile ya kuchezeshea filamu, ilikuwa kuukuu, vitufe vimeng'oka, anaiendesha kwa msumari. Wewe ukiigusa inazima, yeye akiigusa inatii. Aliweza kusimamisha picha ngumi ikiwa bado hewani.

Mwanaidi hakuwa na kazi bandani, alikuja kuangalia tu. Kipaji chake kilikuwa jicho. Ukibadilisha kifungo kimoja cha shati, atakuambia. Na mtu aliyemwangalia kuliko wote ni Zamda, mke mwenzake. Mume wao alishafariki, hakuacha mtoto, aliwaachia nyumba moja yenye vyumba viwili. Miaka tisa wamelala ukuta kwa ukuta na hawasalimiani.

Huyo Zamda ndiye aliyekuwa akiuza maandazi pale mlangoni mwa banda. Mwanamke mpole, hana neno na mtu. Hamduni alishapeleka posa kwake mara mbili, na Zamda hakukataa wala hakukubali.

Siku hiyo, saa tisa alasiri, ikawekwa filamu ya kutisha. Kuna nyumba, kuna ngazi, na juu ya ngazi kuna jini lisilo na uso. Linaita watu kwa majina yao. Anayeitika, ndio basi tena. Kule chini amesimama mwanamke peke yake, anatetemeka.

Mwanaidi akamwinamia Machibya. "Huyo wa kufa mwite Zamda, tucheke."

"Wee Mwanaidi, una roho mbaya wewe!" Lakini naye akacheka, na jini lilipofungua mdomo, Machibya akaivuta sauti nzito kwenye kipaza sauti: "Zamdaaa!"

Jamani, mtoto wa kike aliyelelewa akaleleka, akiitwa anafanyaje? Zamda alikuwa na shughuli zake mlangoni, anapanga maandazi. Akaitika bila kufikiri: "Abee!"

Tukasikia dishi limeanguka. Kugeuka, mlangoni hakuna mtu, maandazi yametapakaa chini. Kutazama mbele, pale chini ya ngazi wanawake sasa ni wawili. Sura moja, ya Zamda. Kanga moja. Na jini limeshuka ngazi ya kwanza.

Wengine walipiga makofi, wakidhani ni ufundi wa filamu. Mimi nilijikojolea kidogo, sifichi.

"Zima! Zima hiyo!" watu wa nyuma wakapiga kelele.

"Nikizima si ndiyo naye atazimika?" Hamduni akafoka. Akachomeka msumari, akasimamisha picha. Lakini siku hiyo deki kila akiisimamisha inaruka mbele yenyewe. Basi ikawa jini linashuka ngazi moja, Hamduni analirudisha. Linashuka, analirudisha. Msumari ukapata moto, nikaona kidole chake kinatoka malengelenge. Hakuuachia.

Machibya akashika kipaza sauti amwite Zamda arudi. Lakini Zamda yupi? Akitoka yule wa filamu akaja kukaa na sisi, itakuwaje? Banda zima tulikodoa macho, hatukuona tofauti.

"Wa kushoto," Mwanaidi akasema. Alikuwa analia. "Huyo anafuta mikono kwenye kanga. Akiogopa hufuta mikono hata kama haina unga. Yule mwingine mikono yake imetulia. Namjua Zamda mimi, nyie acheni."

Ndipo Machibya akafanya kazi yake. Jini lilipofungua mdomo tena, akaliwekea maneno: "Zamda wa kushoto, nenda zako. Nimekuachia." Tukaona Zamda anapiga hatua kuja kwetu. Lakini mdomo wa Machibya haukufumba. Uliendelea wenyewe, macho yamemtoka pima: "Ila nimekubakizia abee moja. Utakayemwitikia, huyo utamsikia maisha yako yote. Wengine wote kwako watakuwa filamu isiyo na mtafsiri. Utaona midomo inacheza, basi."

Umeme ukakatika. Macho yalipozoea giza, Zamda alikuwa amekaa benchi la mbele, anafuta mikono. Tunamsemesha, anatuangalia midomo tu.

Machibya anaapa kwamba yale maneno hakuyasema yeye. Labda. Ila miaka yote yeye na majini wametumia mdomo mmoja, sasa nani ajue aliyesema ni yupi?

Leo ni siku ya arobaini. Zamda anauza maandazi, unamwonyesha kwa vidole unataka mangapi. Na kila alasiri wale watatu wanakuja kusimama mbele ya dishi lake.

Hamduni anasema, "Bila kidole changu angeshaliwa. Aniitikie mimi, nimuoe, nimsemeshe mpaka tuzeeke." Kweli. Lakini ile filamu aliileta nani?

Machibya anasema, "Bila sauti yangu asingetoka." Kweli. Na bila sauti hiyohiyo asingeingia. Tena akimwitikia, atakuwa amemwitikia Machibya au lile jini?

Mwanaidi anasema, "Bila jicho langu angetoka mwingine. Nami nina neno moja tu la kumwambia, lazima alisikie." Kweli pia. Lakini Zamda hajui jina lake liliombwa na nani siku ile. Akimwitikia Mwanaidi, hilo ndilo la kwanza atakaloambiwa, na sauti hiyo ndiyo pekee atakayobaki nayo.

Jana nilikuwepo. Walimwita wote watatu kwa pamoja. Akaliona jina lake kwenye midomo yao, akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akawaangalia mmoja mmoja. Akafungua mdomo. Akaufumba. Machozi yakamtoka, akarudi kupanga maandazi.

Roho iliniuma. Hawezi kukaa hivi mpaka afe, maskini. Haya, niambieni: ungekuwa wewe ndiye Zamda, abee yako ungempa nani?

Fikirini kwanza. Msinijibu haraka. Yeye alijibu haraka.