Mtoto Aliyepumua kwa Tope la Muhogo

Hapo zamani, zamani changa isiyoota mvi, katika kijiji cha wavundikaji wa muhogo, palikuwa na zahanati isiyo na umeme. Fundi Asumini akaapa kuuleta. Akaunda pipa lisilopitisha hewa, akaunda na kisanduku cha kugeuza gesi ya haidrojeni kuwa umeme. Akakosa kitu kimoja: bakteria wa kula wanga na kuizalisha gesi hiyo.

Akamwendea Bi Somoe. Mtungi wake wa kuvundikia haukuoshwa tangu enzi za bibi yake, kwani kwa desturi yao tope la chini ndilo lichachushalo muhogo mpya.

"Bibi, nipe tope."

"Watu huposa binti zangu, wewe waposa uchafu wangu? Chukua, mwanangu. Ila liheshimu, lina ukoo mrefu kuliko wako."

Tope likatiwa pipani pamoja na wanga wa muhogo. Gesi ikatoka, ikapungua, ikakatika. Kumbe ndani ya tope mlikuwa na bakteria wazalishaji, na mlikuwa na wengine walioila gesi ileile.

Asumini akaleta ndoo nyingine ya tope, akaiweka zahanati. Nesi Mwajuma, aliyechemsha chochote kisichoweza kumkimbia, akaichemsha.

"Dada, umeniulia!"

"Nimeua vijidudu. Si ndiyo kazi yangu?"

Kwa kukata tamaa, Asumini akaliosha pipa, akalimimina tope lililochemshwa hivyohivyo. Loo! Walaji walikwisha kufa. Wazalishaji walijifungia katika maganda magumu, wakauvuka moto, wakaamka. Gesi ikajaa, isikatike tena.

Ndipo Mwanahamisi akajifungua binti aliyeshindwa kupumua. Kisanduku kikawashwa, mashine ya oksijeni iliyolala miaka kwa kukosa umeme ikanguruma. Tazameni ajabu: viumbe wafao kwa hewa wakampa mtoto hewa! Binti akalia, zahanati nzima ikacheka.

"Nitampa jina la aliyemwokoa," akasema mama.

Bi Somoe akasema, "Bila ukoo wa mtungi wangu, pipa ni ngoma isiyo na mpigaji."

Asumini akasema, "Bila pipa langu na kisanduku, tope lingechachusha muhogo tu."

Nesi Mwajuma akasema, "Pipa mlikuwa nalo, tope mlikuwa nalo, na giza mlikuwa nalo, mpaka nilipowasha jiko."

"Ulikosea!" akadakia Asumini.

"Nilikosea, mkapata."

Leo ni siku ya akika, siku ya kumpa mtoto jina. Mwanahamisi ameliinamia sikio la bintiye. Jina ni moja, na midomo imekwisha kufunguka.

Je, enyi mliosikia, mtoto huyu aitwe nani?